Picha 230 za ubongo kwenye klasta: kazi zinakufa kabla ya kukamilika

Mwanafunzi wa Tudor

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Ninaandika tasnifu ya uzamili hapa Mombasa kuhusu unene wa gamba la ubongo kwa watu wazima. Ninazo picha 200 za MRI kutoka hifadhi ya wazi ya OpenNeuro, na nyingine 30 nilizoruhusiwa kuzitumia na hospitali moja ya hapa mjini. Kwenye kipakatalishi changu FreeSurfer, programu ya kupima ubongo kutoka picha za MRI, huchukua takriban saa 8 kwa ubongo mmoja, na nikipiga hesabu, zote zitanichukua zaidi ya siku 76, hata kama umeme hautakatika. Nimemaliza 14 tu. Sasa nimepata akaunti kwenye klasta iliyo nje ya nchi, nikatuma kazi zote za hifadhi ya wazi kwa pamoja, kila moja nikiiombea kumbukumbu ya gigabaiti 2. Asubuhi nilikuta karibu zote zimeandikwa OUT_OF_MEMORY, yaani kumbukumbu haikutosha. Nikajaribu ubongo mmoja kwa viini 16 vya prosesa, lakini muda ulipungua kidogo tu. Nimekosea wapi?

Fundi wa Changamwe

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Makosa yako mawili yana shina moja: unaiona klasta kama kompyuta moja yenye mbio sana, ilhali ni kompyuta nyingi za kawaida zilizounganishwa na kupangiwa foleni. Hatua nyingi za FreeSurfer hufuatana, ya pili ikiingoja ya kwanza, ndiyo maana viini vyako vingi vilikaa bure. Faida iko kwingine. Ubongo wa mtu mmoja hauhitaji kujua lolote kuhusu ubongo wa mwingine, kwa hiyo unaweza kuchakata ishirini kwa wakati mmoja, kila mmoja ukienda kwa mwendo wake uleule wa saa nane.

Iombee kila kazi kiini kimoja au viwili, gigabaiti 8 za kumbukumbu, na muda wa saa 24, kwa sababu SLURM, programu inayopanga foleni ya klasta, huikata kazi inayopitisha muda iliouomba. Kisha andika `--array=1-200%20`, maana yake kazi mia mbili, zisizidi ishirini kwa mpigo. Kabla ya hayo tuma ubongo mmoja tu, na ukimalizika uitazame safu ya MaxRSS katika amri ya sacct, ambayo itakuonyesha kumbukumbu iliyotumika kwa kweli. Ukiomba kidogo kazi itakufa, na ukiomba kupita kiasi utasubiri sana kwenye foleni. Na tafadhali, usiendeshe chochote kizito kwenye nodi ya kuingilia, yaani ile kompyuta unayoifikia kwanza ukiingia kwenye klasta. Ni mlango wa watu wote.

Bi. wa Kizingo

Naongeza jambo ambalo naliona zito kuliko kasi. Zile picha 14 za kipakatalishi zirudie zote kwenye klasta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la PLoS ONE ulichakata picha zilezile kwa matoleo tofauti ya FreeSurfer, na vipimo vya unene wa gamba vikatofautiana kwa wastani wa asilimia 2.8, hata aina ya kompyuta na toleo la mfumo endeshi vilileta tofauti. Gamba lenyewe lina unene wa milimita mbili na nusu hivi, na mabadiliko unayoyatafuta huenda ni madogo kuliko hitilafu hiyo. Tumia kontena moja ya Apptainer, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyovitegemea, yenye toleo moja, uifunge, usiiguse hadi picha ya mwisho. Sisi wa karibu na Kilindini twajua kwamba kontena husafiri na lakiri yake.

Mkaazi wa Kuze

Mwanangu, picha 30 za hospitali usizipakie bado. Kuondoa jina la mgonjwa hakutoshi, kwa kuwa picha ya MRI hubeba pia umbo la uso. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walitumia programu ya kutambua nyuso, nayo ikawaoanisha sawasawa watu 70 kati ya 84 na picha zao za kawaida. Ufute uso kwanza kwa programu kama pydeface, kisha ukague kila picha kwa macho yako, maana wakati mwingine hukata na kipande cha ubongo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na kuzichakata nje ya nchi kunahitaji ridhaa ya mwenyewe pamoja na uthibitisho wa ulinzi unaofaa. Ruhusa ya hospitali si ridhaa ya mgonjwa.

Mwanafunzi wa Tudor

Shukrani nyingi, na kwako mzee wangu wa Kuze, shikamoo. Ubongo wa majaribio umekamilika kwa saa 7 na dakika 40, na MaxRSS imeonyesha gigabaiti 5 na kidogo, kwa hiyo nimeomba 8. Picha 200 za hifadhi ya wazi, zikiwemo zile 14, zimeingia foleni ndani ya kontena moja. Fomu za ridhaa nilizozisoma jana hazitaji popote kusafirisha data, kwa hiyo picha 30 zitachakatwa hapahapa Tudor kwa kontena ileile, moja kila usiku, nami nitalieleza jambo hilo waziwazi kwenye tasnifu.