Nyumba ya Kikristo ya mwaka mzima, soba hausi au metadoni? Nisaidieni kuamua kuhusu kijana wetu

Mjomba wa Mbagala
Wakuu, habari za leo. Kijana wa dada yangu ana miaka 22, anavuta unga mwaka wa tatu sasa. Mtungi wa gesi wa mama yake ameshauuza mara mbili, huo wa pili nilinunua mimi. Juzi usiku kaja kwangu, kakaa chini mlangoni, kasema, "Mjomba, nimechoka." Hajawahi kutamka hivyo, ndiyo maana nataka tumuwahi.

Njia ni tatu. Nyumba ya kanisa huko mkoani: anakaa mwaka mzima, shamba, sala na Biblia, sisi tunachangia chakula. Soba hausi ya hapa mjini, yaani nyumba ya kukaa mtu akiacha unga: miezi minne, laki tatu kwa mwezi. Au kliniki ya metadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, bure, ila analala nyumbani. Dada ni Mlutheri, moyo wake uko kwa kanisa. Mliopitia, semeni.

Miaka Sita Safi
Mkuu, mimi ni zao la nyumba ya Kikristo. Saa kumi na moja alfajiri kengele, sala, halafu unakwenda kulisha nguruwe. Simu marufuku miezi mitatu ya mwanzo. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilinipiga siku ya pili na ya tatu, mifupa inauma kama inasagwa, natapika, silali. Ndugu mmoja aliyekuwa teja zamani alikaa na mimi usiku kucha, ndoo mkono huu, kikombe cha uji mkono huu. Hakunihubiria. Alisema tu, "Nami nilikuwa kwenye godoro hilihili." Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza Mungu wake.

Lakini nikwambie ukweli wote. Nilipotoka mara ya kwanza nilirudi kijiweni siku ya nne. Rafiki yangu tuliyetoka pamoja alivuta kipimo chake cha zamani, tukamzika Ijumaa. Mwili ukikaa miezi bila unga unasahau, kile ulichokimudu zamani kinakuua. Nilirudi ile nyumba kwa aibu, wakanifungulia geti. Kwa hiyo waulizeni: akianguka, mnampokea tena?

Nesi Mstaafu
Mjomba, usiidharau metadoni kwa sababu ni bure. Muhimbili walianza Februari 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata, na kwa mtu wa Mbagala Temeke ndiyo karibu. Anakwenda kila siku, anakunywa dawa mbele ya mhudumu, anaongeleshwa kidogo ionekane amemeza. Arosto inatulia, anaweza kushika kazi. Mzigo wake ni hiyo safari ya kila siku, nauli, na kupita vijiwe vilevile akienda na kurudi. Akikosa siku kadhaa mfululizo, kipimo kinaangaliwa upya.

Popote aendako, apimwe kwanza virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Na kama anakunywa pombe kali kila siku, asiachishwe ghafla kwenye nyumba isiyo na mganga. Arosto ya pombe huleta degedege na inaua.

Mama wa Tanga
Naomba msikimbilie neno "kanisa" mkadhani pote ni salama. Mdogo wangu alipelekwa nyumba moja, sitaitaja, wakamfunga mnyororo mguuni wakisema ana pepo. Kovu analo mpaka leo. Nendeni bila kutoa taarifa, angalieni wanapolala, ongeeni na vijana pasipo msimamizi.

Mzee wa Kanisa
Dada wa Tanga, pole sana. Huo si utumishi, na anayefanya hivyo aripotiwe.

Kazi hii kwa asili yake haikuwa ya minyororo. Mwaka 1958 mchungaji wa kijijini Pennsylvania, David Wilkerson, alifunga safari hadi New York kwa ajili ya vijana wa magenge waliokuwa wakishtakiwa kwa mauaji. Huko ndiko ilikotokea Teen Challenge, huduma ya Kikristo ya kuwatoa vijana kwenye dawa za kulevya, na kituo chao cha kwanza Brooklyn kikafunguliwa 1960. Baadaye wakapata na shamba, maana waliona kijana anahitaji kutolewa mtaani na kupewa kazi ya mikono. Udhaifu ninaouona kwenye nyumba zetu ni kwamba nyingi hazitaki kabisa metadoni, zinaiita unga mwingine. Hapo mimi sikubaliani nao.

Mjomba wa Mbagala
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, nikamsomea na dada. Dada amelia aliposikia hilo la mnyororo. Kijana mwenyewe nilimuuliza, kasema mtaani kwetu hawezi, kila kona ana mtu wa kumpa kete. Kwa hiyo Jumatatu tunakwenda Temeke kupima na kuonana na daktari, halafu Jumatano napanda basi mwenyewe kwenda kuiona hiyo nyumba. Sijawapigia simu. Miaka Sita, swali lako la geti ndilo nitaanza nalo.

Miaka Sita Safi
Mkuu, ukifika muulize pia nani anakaa nao usiku wa tatu.