Bhakti ilivunja ukuta wa matabaka, au iliwatuliza tu walioachwa nje?

Mleta mada:
Wakuu, nasoma habari za bhakti, ile njia ya Wahindu ya kumwendea Mungu kwa mapenzi, bila kuhitaji Kisanskriti wala kafara za makuhani. Katika Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 9, mungu Krishna anasema hupokea jani, ua, tunda, hata maji, mradi aliyetoa ametoa kwa mapenzi. Sasa, mlango ukiwa mpana hivyo, mbona Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 aliyempenda Vitthal, mungu wa hekalu la Pandharpur kule India, hakuruhusiwa kuingia hekaluni kwa kuwa alikuwa Mahar, tabaka la wasioguswa? Kaburi lake liko ngazini, nje. Mapenzi yale yalimkomboa au yalimfunga?

Kibatari:
Umejijibu mwenyewe. Mtu ananyimwa mlango, halafu anaambiwa Mungu yumo moyoni mwake. Hiyo ni kumbembeleza, si kumpa haki. Nyimbo ziliimbwa karne sita na mlango haukufunguka. Ulifunguliwa 1947, mwanaharakati Sane Guruji alipogoma kula. Ambedkar, kiongozi wa wasioguswa na Mahar mwenzake Chokhamela, hakusubiri tena: 1956 kule Nagpur aliingia Ubudha na umati mkubwa wa watu wake.

Mpita Njia:
Yaani mnagombania mlango wa kwenda kusujudia jiwe? Wahenga walishamaliza: baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tuchukue biashara yao, mengine tuwaachie wenyewe.

Binti wa Kisutu:
Kaka, nimezaliwa Dar, bibi yangu amezaliwa Dar, na hiyo methali nimetupiwa tangu darasa la kwanza. Unaona sifa, mimi nasikia "mbaya".

Na hilo jiwe nalo. Sisi twasema murti, yaani sanamu ya ibada. Ikishachongwa ni udongo au jiwe tu, hadi ifanyiwe ibada ya kumkaribisha Mungu akae humo, apate kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa. Chakula kile kikishatolewa kwake, kinarudi kwetu kuwa prasad, na tunagawana. Kule Mumbai sikukuu ya mungu Ganesh ikiisha, murti ya udongo inapelekwa baharini iyeyuke. Tungekuwa tunaabudu udongo, tungeuzamisha kwa mikono yetu?

Mpita Njia:
Methali sikuitunga mimi, dada. Na inamsifu baniani, soma vizuri.

Mzee wa Pangani:
Wanangu, baniani si tusi kwa asili yake. Limetokana na jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat. Lakini neno likishatiwa kwenye "mbaya" miaka na miaka, huwezi kumlazimisha mwenye kuitwa alifurahie. Binti ana haki.

Kibatari:
Tunazungumza wasioguswa, nyinyi mmehamia kwenye viatu!

Fundi Soli:
Basi nami niseme la viatu, maana ndiyo kazi yangu. Mtakatifu Ravidas wa Varanasi alikuwa wa tabaka la watengeneza ngozi. Ngozi ni mzoga, na mzoga ni najisi, kwa hiyo naye akahesabiwa najisi. Lakini mapokeo yanasema Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme, alimfanya guru wake, yaani mwalimu wake wa kiroho. Na kuna wimbo wa Ravidas umo katika kitabu kitakatifu cha Masingasinga, unaoutaja mji wa Begampura: mji usio na huzuni, hautozi kodi, na hakuna mtu wa daraja la pili wala la tatu. Bwana Kibatari, aliyetulizwa haoti mji usio na kodi. Huyo alikuwa anadai.

Kibatari:
Wimbo mzuri, sibishi. Nionyeshe ulipojengwa.

Mtafutaji:
Naona hamjagusa neema. Wafuasi wa Ramanuja, mwanafalsafa wa Kihindu, walifarakana kwa swali hilohilo: mja ajitahidi mwenyewe, au neema ya Mungu imbebe? Kundi moja linasema mja ni kama mtoto wa nyani, lazima amshikilie mama yake. Jingine linasema ni kama mtoto wa paka, mama ndiye humbeba kwa meno. Chokhamela ni mtoto wa paka, mlango ulimhusu nini?

Binti wa Kisutu:
Ulimhusu! Alitamani kumwona Vitthal wake kwa macho. Hiyo ndiyo darshan, umwone naye akuone. Usimnyang'anye hamu yake kwa sababu falsafa yako imekamilika bila hiyo hamu. Bibi yangu hakujua nyani wala paka. Alikuwa akifika hekaluni anainama, anagusa ngazi ya kwanza kwa vidole, kisha paji la uso. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafuta vumbi.

Fundi Soli:
Ngazi ndiko aliko Chokhamela.

Mpita Njia:
Dada, kwa lile neno naomba radhi, sikujua lilikuwa linakuuma hivyo. Lakini jiwe kwangu bado ni jiwe.

Binti wa Kisutu:
Radhi nimeipokea, kaka. La jiwe sijamaliza na wewe.