Mrejesho: lehemu iliyogoma kuingia kwenye pete ya fedha

Wakuu, nilisema lehemu inajiviringa kuwa tone juu ya kiungo (pale ncha mbili zinapokutana) cha pete ya fedha ya 925 (asilimia 92.5 ni fedha) na haiingii. Sonara wa Ngamiani, Tanga, aliyejibu alipatia: moto ulikuwa unapigwa kwenye lehemu yenyewe. Lehemu hufuata joto; pete ikiwa baridi, lehemu inayeyuka peke yake na kubaki hapo hapo.

Sasa moto unaanzia mgongoni mwa pete, unazungushwa, kiungo kinafikiwa mwisho. Boraksi (dawa inayopakwa ili lehemu itiririke) kwanza huchemka na kuvimba (hapo vipande vya lehemu huruka, virudishwe kwa ncha ya koleo), kisha inakuwa kama kioo cha maji. Fedha ikianza wekundu hafifu, mstari unaong'aa unapita kwenye kiungo ghafla. Moto uondoke papo hapo: lehemu ngumu (aina inayohitaji joto kubwa zaidi) huyeyuka karibu na 750°C, fedha ya 925 yenyewe huanza kuyeyuka kwenye 800 hivi. Nafasi ni ndogo.

Vipande viwili vya lehemu vya milimita 1 vinatosha. Mwanga ukipenya kati ya ncha za pete, usiwashe moto. Pitisha msumeno mwembamba tena, kwa sababu lehemu haizibi pengo. Na dirisha lifungwe, upepo wa bahari unaiba joto.

Kusafisha: shabu kwenye maji ya moto. Koleo la chuma lisiguse humo, pete itatoka nyekundu kama shaba. Tumia kijiti.

Bado kuna madoa ya kijivu yasiyotoka kwa msasa namba 600. Ili yasitokee, boraksi ipakwe pete nzima kabla ya moto, au?