DJ unayetafsiri muvi kwa kubuni, umemdanganya mama yangu

Wakuu, niko Mtwara mjini, Magomeni. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuipunguza.

Ijumaa jioni nilipeleka flashi kwa jamaa mmoja anayeweka muvi, huku karibu na soko kuu. Mama yangu kaja kutoka Nachingwea, ana kliniki ya presha Jumatatu, na mvua hii hatoki nje. Nikachagua muvi nne, buku kila moja. Nikamsisitizia jamaa: niwekee zilizotafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya picha, mama hajui Kiingereza. Akasema ondoa shaka.

Ya kwanza ni ya mapigano, imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema. Vichwa vya watu vinapita mbele, mtu anakohoa, stelingi nusu yake haionekani. Nikaitoa. Ya pili ya Kihindi, imekatika stelingi akiwa juu ya treni, mwisho haupo. Ya tatu ya kwetu ya Kibongo, sauti inapanda na kushuka, lakini mama alicheka mpaka akavua miwani, kwa hiyo waliocheza ile nawapa haki yao. Hayo yote ningeyameza. Elfu nne singeifungulia uzi.

Ya nne ilikuwa Sarafina.

Hii niliitaka makusudi. Ni muvi ya mwaka 1992, inahusu wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, na mambo ya 1976. Mama amekulia Nachingwea, ambako FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao. Wapigania uhuru yeye kawaona kwa macho akiwa mtoto, hakuwasoma kitabuni. Tarehe 16 Juni 1976, watoto wa Soweto walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu, wakapigwa risasi, mama alikuwa na miaka 14, yuko darasani anasoma kwa Kiswahili. Hector Pieterson, yule aliyebebwa mikononi kwenye ile picha maarufu, alikuwa na miaka 12. Rika moja kabisa. Nikajua hii itamgusa.

Sasa sikieni alichofanya DJ.

Kuna mwalimu Mary, kachezwa na Whoopi Goldberg. Anawafundisha watoto historia ambayo serikali ya makaburu haitaki waijue. Polisi wanakuja kumchukua mbele ya wanafunzi wake, na harudi tena, anafia mikononi mwao. DJ anasemaje? "Mwalimu kala hela ya mitihani, maafande wamemfuata." Kala hela! Mama akaguna, akasema, "Walimu jamani, kumbe hata huko." Nikanyamaza nisimkatishe. Mpaka sasa najuta kunyamaza.

Nyimbo za mle nyingi zina Kizulu. Sawa, DJ hajui Kizulu, na mimi sijui. Basi nyamaza watu wasikie nyimbo! Yeye kila watoto wakianza kuimba anatuma salamu kwa vijana wa kijiwe chake, anataja mtaa hadi mtaa.

Kilichonitoa machozi ni sehemu ya mama yake Sarafina, yule mwanafunzi mwenye jina la muvi. Huyu ni Miriam Makeba, ndiye huyohuyo aliyeimba Malaika tunayoijua wote. Kwenye muvi ni mfanyakazi wa ndani kwa Wazungu. Binti yake alikuwa anamdharau kwa kuinamisha kichwa, anaona mashujaa ni wengine. Akishatoka jela, kateswa, anamfuata mama yake kule kazini, na hapo ndipo anaelewa kwamba kule kuinama ndiko kulikomlea yeye na wadogo zake. Muvi nzima inaelekea pale. DJ akaitumia nafasi hiyo kusoma namba yake ya simu mara mbili, kwa wanaotaka kutangaza biashara, halafu akamalizia, "Binti kaja kuomba nauli."

Mama yangu kanisomesha kwa kuokota korosho kwenye mashamba ya watu. Alikaa pale kwenye kochi, anaangalia wanawake wawili wanalia, anaambiwa ni habari ya nauli. Akapiga miayo akaenda kulala.

Sipingi kazi ya kutafsiri, msinielewe vibaya. Nimekulia kwenye mabanda ya video, kwenye benchi la mbao, na kuna watafsiri walikuwa wanatulia, wanakupa jina la mtu, wanakupa sababu, unatoka nje unaweza kumsimulia mwenzako picha yote. Mwaka 2011 TBC walionyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na wakwe zake, Kiswahili kitupu, mama aliifuata mpaka mwisho. Sultan, ile tamthilia ya Kituruki ya Azam TV, vilevile, kila mtu na sauti yake. Kwa hiyo inawezekana. Jambazi akimtukana stelingi ukaongeza chumvi, hakuna aliyeumia. Ila hawa ni watoto waliokufa kweli, na anayekusikiliza hana njia nyingine ya kujua, kakuachia masikio yake yote.

Jumapili nikarudi dukani. Jamaa ananiambia, "Kaka, watu wanapenda vichekesho." Nikamuuliza yeye mwenyewe ameiangalia? Hajaiangalia. Hela hakurudisha, ananipa muvi nyingine ya DJ huyohuyo!

NYONGEZA, Jumatatu usiku:

Mnaosema nimfundishe mama Kiingereza, ana zaidi ya miaka sitini na hana deni na mtu. Mnaosema muvi yenyewe ni ya wizi, nalalamika nini: ni kweli, nimemlipa mtu ambaye hakumlipa mwenye kazi yake. Hilo kosa langu, nalikubali. Halimpi DJ ruhusa ya kumwita mwalimu yule mwizi.

Leo tumetoka kliniki, presha imeshuka. Jirani alikuwa na Sarafina isiyo na DJ, yenye maandishi chini. Nikakaa na mama, rimoti mkononi, nasimamisha, namweleza, naendelea. Imetuchukua kuanzia saa tisa mpaka magharibi. Nyimbo sikuzigusa, tumezisikia zote.

Tulipofika kwa mwalimu Mary nikamweleza anachofundisha na kwa nini wamemfuata. Mama akasema, "Kumbe hakuiba." Akakaa kimya kidogo, halafu akaniambia nirudishe nyuma, pale anapochukuliwa, amwangalie tena.