Anodi ya nikeli na chuma inabanduka kwenye KOH

Makole_Jua: Wakuu, natenganisha maji kwa umeme wa sola kupata hidrojeni. Anodi (elektrodi chanya, inakotoka oksijeni) ni sponji ya nikeli iliyopakwa nikeli na chuma, ndani ya KOH (hidroksidi ya potasiamu, alkali kali) mola 1. Siku chache tu utando unabanduka, volti zinapanda. Tatizo nini?

Kemia_Nzuguni: Anza na usafi, mkuu. Loweka sponji kwenye asidi ya hidrokloriki mola 3 kwa dakika 10 kuondoa oksidi, suuza, paka hapohapo. Utando uwe mwembamba. Ukiwa mnene, viputo vya oksijeni vinaung'oa. Tena chuma huyeyuka taratibu kwenye alkali, hivyo volti hupanda hata kabla ya kubanduka.

Kikuyu77: Maji gani hayo? Visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Kloridi inakula nikeli, kalsiamu na magnesiamu zinaganda kwenye kathodi (elektrodi hasi). Tumia yaliyokenekwa: KOH gramu 56, jaza hadi lita 1. Maji ya betri yenye asidi usiguse kabisa!

Makole_Jua: Ni ya kisima. Nabadilisha. Na usiku nizime?

Kemia_Nzuguni: Hapo ndipo elektrodi nyingi zinapofia. Ukizima, mkondo hurudi kinyume. Kwa seli moja diodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) inatosha. Seli zilizopangwa pamoja zinavujishiana kupitia KOH, kwa hiyo betri ndogo iendeleze mkondo mdogo. Hidrojeni itaendelea kutoka, dirisha libaki wazi.