Mzee na dawa sita: tuanzie wapi?

Swali: Mzee wa miaka 78 anameza losatani, haidroklorothiazaidi (ya kukojosha) na amlodipini za presha, metfomini ya kisukari, ibuprofeni ya maumivu ya magoti na klofeniramini ili apate usingizi. Miguu imevimba, akiinuka anapepesuka. Ipi iangaliwe kwanza?

Jibu: Ibuprofeni! Ikikutana na losatani na ile dawa ya kukojosha, figo hukosa damu ya kutosha. Presha nayo hupanda. Paracetamol ni salama zaidi, isizidi gramu 3 kwa siku. Apimwe damu upesi: kreatinini (huonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu.

Jibu: Uvimbe huenda ni wa amlodipini, tafadhali msiufukuzie kwa dawa nyingine ya kukojosha. Klofeniramini huwachanganya wazee akili na kuwaangusha. Mpimeni presha akiwa amelala, kisha dakika 1 na 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20, mwambieni daktari.

Jibu: Za presha msizikatize wenyewe. Vidonge vyote, hata mitishamba, vitieni mfuko mmoja mumpelekee mfamasia.