Volkswagen ya 1971 inagoma kuwaka injini ikiwa imepata joto: stata mpya, relei au waya wa ethi?

Mwenyeji wa Uyole
Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu Volkswagen Beetle ya mwaka 1971, ya volti 12. Asubuhi huwaka mara moja, hata katika baridi ya Julai hapa Uyole. Lakini nikipanda nayo kutoka Kyela na kuizima kidogo Tukuyu, nikiwasha tena husikika "tak" moja tu, na pengine hata hiyo haisikiki. Ikipoa huwaka. Betri ni nzima, na taa hazififii ninapogeuza ufunguo. Fundi mmoja anataka ninunue stata (mota inayozungusha injini iwake), mwingine anasema relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inatosha.

Fundi umeme, Mafinga
Ndugu yangu, jambo kubwa hapo ni hizo taa. Stata iliyokwama huvuta umeme mwingi na taa hufifia. Zako hazififii, kwa hiyo umeme mkubwa haujaingia kwenye mota kabisa. Katika Beetle, betri iko chini ya kiti cha nyuma, lakini umeme wa kuamsha solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) huenda kwanza mbele kwenye swichi ya ufunguo, kisha hurudi nyuma hadi kwenye stata, na kila kiungo chenye kutu njiani hupunguza volti. Koili ya solenoidi ni ya shaba, na joto likipanda kwa nyuzi 50 ukinzani wake huongezeka kwa takriban asilimia 20. Ndiyo maana volti zinazotosha asubuhi hazitoshi baada ya mlima. Mimi ningefunga relei, ili umeme wa solenoidi usipite njia hiyo ndefu.

Mkazi wa Njombe
Namheshimu fundi, ila relei haiponyi bushi (pete inayoshikilia mhimili wa stata) iliyolika. Katika magari haya bushi ya mbele ya stata imo ndani ya giaboksi, hivyo hata stata mpya itakwama bushi hiyo isipobadilishwa. Aangalie pia waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye betri) unaounganisha giaboksi na bodi, kwa kuwa injini imekalia raba, isiyopitisha umeme.

Mwalimu, Iringa
Kabla ya kununua chochote, pimeni. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha gari likigoma mtu ageuze ufunguo huku wewe ukipima waya mdogo wa solenoidi. Zikikaribia volti za betri, kosa ni la solenoidi au stata. Zikiwa chini sana, kosa ni la swichi au waya. Ethi ipimwe stata ikizunguka, kati ya hasi ya betri na giaboksi; isizidi nusu volti.

Mwenyeji wa Uyole
Ahsanteni sana. Nimepima Tukuyu gari likiwa limegoma: waya mdogo ulikuwa na volti 7 tu, ilhali betri ilikuwa juu ya 12. Ethi ni nzuri. Nitabadilisha swichi, kisha nifunge relei.

Fundi umeme, Mafinga
Vizuri. Umeme wa relei uchukue kwenye bolti kubwa ya stata, na usisahau fyuzi karibu na bolti hiyo.